Mama ananiita kila saa tisa usiku

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mke wa mtu, na nina mtoto mmoja wa miaka 7. Nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Ya leo naituma kabla sijaghairi.

Mwaka jana mama yangu alilazwa siku 11 na nilimuuguza mwenyewe. Siku ya mwisho aliniambia, "Nenda kaoge mwanangu, unanuka jasho." Nikacheka, nikaenda. Nilioga, nikampikia uji wa mchele, nikarudi na chupa mkononi. Nilikuta kitanda kimeshatandikwa shuka nyingine. Ile chupa iko kabatini mpaka leo. Kuitumia siwezi, kuitupa siwezi.

Baada ya arobaini watu walidhani nimeshapoa, kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuzama. Vitambaa vya wateja vikawa vinalala mezani hata mwezi. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Mume wangu alinivumilia mpaka alipochoka akanipeleka hospitali, na daktari akasema hii ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Akanipa vidonge vya amitriptilini, nimeze usiku. Mwezi mmoja na nusu hivi nikaanza kurudi kuwa mtu. Nilicheka, Somo. Mtoto alimkimbilia baba yake kumwambia, "Mama amecheka!"

Ramadhani ilipokaribia, mama mdogo akaniona na vile vidonge. Akasema hizo ni dawa za vichaa, zitanila ubongo, na mtu wa swaumu hazimfai. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapata nafuu, nikaziacha zote siku moja. Sasa ni wiki ya tatu na ndoto zinaniua.

Iko moja inayorudi. Maji yamekupwa, mama yuko mbali kule kwenye mikoko, amekaa chini anatetemeka kwa baridi. Ananiita nikamfunike. Nakwenda, lakini miguu inanasa kwenye tope, na nikitazama naona maji yanajaa upande wake. Yanapomfika mdomoni ndipo naamka, jasho linanitoka, moyo unapiga kama ngoma. Nikitazama saa ni saa tisa, au na dakika chache. Siku nyingine naota nguo za Idi: mtu amekuja kuchukua, kila nikishona sindano inakatika, na wateja wamejaa hadi barabarani wananitazama tu. Na mara mbili nimekabwa. Macho yangu yako wazi, namwona mume wangu ubavuni, lakini siwezi kunyanyua hata kidole, na kuna kitu kizito kifuani. Mtoto ameniuliza, "Mama, usiku unapigana na nani?"

Mama mdogo anasema marehemu anadai, mtu haitwi bure. Kuna mtaalamu anataka mbuzi mweusi na shilingi laki tatu. Mume wangu anasema niache mawazo. Na mimi tangu chuoni, kwenye Qur'ani, nilifundishwa kuwa ndoto mbaya haisimuliwi, kwa hiyo sijamwambia mtu ninachokiona. Hata hapa nakuandikia naogopa.

Ni mimi, Fundi wa Ngamiani.

Nimesahau. Siku nyingine naona bora ule usingizi usingekuwa na asubuhi.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huo mstari uliousahau. Umeuandika chini ya jina lako, kama mtu aliyekwisha aga, kafika mlangoni, kageuka. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na maneno mazito kuliko yote nimeambiwa hapo mlangoni. Kwa hiyo usiku huu huu, kabla ya ndoto na mbuzi, mwambie mume wako sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi. Usiipambe. Kama vile vidonge vilivyobaki bado vimo ndani, mpe avishike yeye, maana amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari kwa moyo. Na fikra hiyo ikianza kuwa na mpango, yaani ukajikuta unawaza lini na kwa njia gani, usisubiri siku ya kliniki. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, mseme wazi mlichofuata. Watafiti wameona mara nyingi kwamba mtu mwenye sonona anayeandamwa na ndoto za kutisha hujiwa zaidi na fikra za kutotaka kuishi. Ndiyo maana sizichukulii ndoto zako kama jambo dogo, na wewe usikubali mtu azichukulie hivyo.

Sasa turudi wiki tatu nyuma.

Ulikuwa na dawa, ukapata nafuu, ukaiacha siku moja, na ndoto zikafumuka. Mama mdogo ameona mambo mawili ya mwanzo na la mwisho, la tatu likampita. Usingizi wetu huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Kila mzunguko una kipande ambacho macho hucheza chini ya kope, na hapo ndipo zilipo ndoto nyingi zenye kisa na picha. Dawa kama ya kwako hukibana kipande hicho. Ukiiacha ghafla, ubongo hulipiza: ndoto huja mapema, hurefuka, zinakuwa kali kama kitu cha macho. Juu ya hilo, sonona yenyewe ina tabia ya kuvuta ndoto zije mapema kuliko kawaida. Yote mawili yamekuangukia mwezi mmoja.

Tena ni mwezi gani! Wewe ni fundi cherehani, na hii ni Ramadhani. Hukuandika unalala saa ngapi, lakini mimi nina shoga yangu fundi na namjua anavyokuwa kumi la pili likiingia. Baada ya tarawehe anakaa kwenye mashine mpaka saa saba, saa kumi yuko jikoni na daku. Kama nawe ndivyo, unalala kwa muda wa saa tatu tu, zenyewe za mang'amung'amu, na mwili unaokosa usingizi ukipata mwanya hukimbilia ndoto. Lala saa saba na kitu, ongeza dakika zako 90, uone unafika wapi. Unafika karibu na hiyo saa tisa. Wachawi wameonewa sana kwa saa hii.

Na huko kukabwa ni jirani wa jambo hilo hilo. Tukiwa ndotoni mwili hufungwa usitembee, usije ukaruka dirishani ukidhani unakimbia mbwa. Hubaki macho na pumzi. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa, basi unaona chumba, unamwona mumeo, na mwili haukusikii. Humpata zaidi mtu aliyechoka, asiye na saa maalumu ya kulala, hasa akilala chali. Wenye umri wangu tunaikumbuka 1995, hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usingizini, ilivyoanzia Pemba ikafika Unguja, watu wakalala nje kwa makundi wakiogopa kulala peke yao. Wapo waliochunguza simulizi zile wakaona wengi walikuwa wanaeleza kitu hiki: kifua kizito, macho wazi, sauti haitoki. Sikuambii ili ucheke. Ukikabwa inatisha kweli. Lakini hupita kwa dakika chache, na ukilijua unaweza kuacha kupigana nalo: tuliza pumzi, tikisa kidole kimoja cha mguu, ngoja. Na lala ubavu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudi kwa daktari wiki hii. Usiianze ile dawa mwenyewe kwa kipimo kile cha zamani, maana umeshakaa bila yake wiki tatu. Yeye ndiye aamue uanzie wapi. Mwambie umeiacha, na kwa nini. Hatakupiga. Mwambie pia ndoto, kwa sababu kuna wakati dawa yenyewe ndiyo inayoleta ndoto na daktari hubadilisha saa ya kumeza au aina. Kama unameza kitu kingine chochote, hata cha presha, mtajie, maana hizo nazo zimo zinazochafua usingizi. Na ukiambiwa siku moja kwamba muda wa kuacha umefika, utapunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kuhusu swaumu, kidonge kimoja kinachomezwa usiku hakivunji funga ya mchana. Na mgonjwa ana ruhusa yake iliyomo ndani ya Qur'ani yenyewe, hilo mama mdogo analijua kuliko mimi.

Dawa za vichaa, alisema? Mimi nimeona wauza samaki, makarani, na imamu mmoja wakizimeza. Tuliache hilo.

Sasa hofu yako ya kusimulia. Umefundishwa sawasawa. Mtu akiota kinachomchukiza, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme kidogo kushoto mara tatu, ageuke ubavu wa pili, asimsimulie mtu. Akitaka aamke aswali. Hayo yafanye. Kama muuguzi ninayaona ni matibabu mazuri: umevuta pumzi, umegeuza mwili, umetoka kitandani, na hukumpa mtu mwenye tafsiri ya kutisha nafasi ya kukuongezea. Maana ubaya wa kusimulia kwetu tunaujua. Ukisema meno yameng'oka, mwenzio anahesabu nani atakufa. Lakini kuna hadithi nyingine aliyoipokea Abu Huraira, kwamba ndoto ni aina tatu: bishara itokayo kwa Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale mtu anayoongea nayo nafsini mwake. Hiyo ya tatu husahaulika sana. Mimi si mwanachuoni. Kamuulize sheikh unayemwamini kama kumweleza tabibu maradhi yako ndiko kusimulia kulikokatazwa. Nadhani najua atakachokujibu.

Na njia ninayotaka kukupa haidai umsimulie mtu yeyote. Unahitaji daftari la shule na dakika 15 za mchana.

Unachukua ndoto, unaiandika. Halafu unaiandika upya, ukibadilisha unachotaka: mwanzo, mwisho, mahali, rangi, mtu. Huombi ruhusa, ndoto ni yako. Kisha kila siku, ukiwa macho na kuna mwanga, unafumba macho na kuipitisha hiyo mpya kichwani kama unavyoitazama nguo kabla hujaikata, dakika 10 au 15, basi. Ile ya zamani huirudii tena. Ubongo hujifunza njia kwa kuipita mara nyingi, na ndoto inayorudi ni njia uliyoipita mara nyingi mno bila kupenda. Nchini Marekani, mwaka 2001, daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo yao kwa wanawake waliowahi kubakwa au kudhalilishwa. Waliandikisha 168, wakawagawa makundi mawili. Waliofundishwa kuandika ndoto upya, kwa vipindi vitatu tu, waliota vibaya mara chache zaidi na wakalala vizuri kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu. Tangu hapo njia hii imekuwa miongoni mwa zile ambazo madaktari wa usingizi huzitaja mwanzo.

Nilimfundisha mzee mmoja wa mashamba ya mkonge. Kila wiki alikuwa anaota korona inamvuta mkono, ile mashine ya kusaga majani, wewe mtu wa Tanga unaijua. Nilitegemea ataandika kwamba ameizima mashine. Aliandika kwamba korona inatema kanzu zilizopigwa pasi, naye anazipokea na kuwagawia wenzake. Alinisomea huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Sijui akili yake iliokota wapi kanzu, lakini alilala.

Usianze na mama. Hapo wengi hukosea: huchukua ile nzito kuliko zote, inawaelemea siku ya kwanza, wanasema njia haifai. Anza na ile ya nguo za Idi. Sindano inakatika, sawa. Kisha? Wewe ndiye fundi. Ikizoea, baada ya wiki mbili tatu, na dawa ikiwa imeshaanza kushika, ndipo uende kule kwenye mikoko, ikiwezekana ukiwa na mtu wa afya ya akili hapo kliniki anayekushika mkono. Ukiona kuandika kunakutibua zaidi, funga daftari. Halitakimbia.

Lakini kuhusu mama nina neno, na hili silisemi kama mshauri bali kama mtu aliyefunika nyuso nyingi. Wanaoondoka ndugu yao akiwa ametoka kidogo ni wengi mno. Binti amekesha siku tisa, anashuka kununua maji, anarudi. Mwanzo nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nikaanza kuwaza kwamba wapo wasioweza kufunga safari mtoto akiwa amewashika mkono. Siwezi kukuthibitishia hilo. Ninachokijua ni kwamba mama yako, siku yake ya mwisho, bado alikuwa na nguvu ya kusikia harufu ya mwanawe na kumtania, na wewe ulicheka mbele yake. Katika ndoto anakuita ukamfunike. Huko hospitali hakukuita. Alikutuma ukaoge.

Saa tisa ikifika tena, usibaki kitandani ukibishana na giza. Shusha miguu, ikanyage sakafu uisikie baridi yake. Washa taa ndogo. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: mlango, ndoo, kanga, saa, mguu wa mume wangu. Kunywa maji. Simu iache ilipo. Ukiona usingizi hauji, kaa kibarazani au uswali, urudi kitandani ukianza kusinzia. Asubuhi amka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbaya, na uende nje upate jua. Kahawa chungu ya baada ya futari, hiyo ndiyo nakunyima; inakaa mwilini saa nyingi.

Na punguza nguo. Najua ni msimu, najua Idi ndiyo inayolipa ada. Rudisha vitambaa vya wateja wachache leo, wale wa mwisho kuleta, waambie unaumwa, maana unaumwa. Mashine ifunikwe saa nne usiku. Mume wako, yule wa "acha mawazo" (kana kwamba mawazo ni bomba la maji unalifunga), mpe kazi ya mikono: apike daku yeye mpaka mwezi uishe. Mwanamume aliyekupeleka hospitali bila kusukumwa na mtu hashindwi kuchemsha maharage. Mtoto naye mjibu. Mwambie mama anaumwa ugonjwa wa huzuni, usiku anaota vibaya, mchana anatibiwa, na hakuna aliyekosea.

Amebaki mama mdogo. Kumbuka naye amefiwa na dada yake. Huenda ndoto zako anazionea wivu kidogo. Wewe unaitwa, yeye haitwi. Kama anataka marehemu asomewe hitima na watu walishwe, msaidie, ni jambo jema na litawatuliza wote wawili. Laki tatu za mtaalamu usitoe. Huyo anauza hofu, na akimchinja huyo mbuzi, ndoto ikirudi atasema alikuwa na doa jeupe.

Ile chupa ya uji iache kabatini, haina haraka. Nenda kliniki, kisha uniandikie umepangiwa tarehe gani. Na ukishaiandika ile ndoto ya nguo za Idi, huna haja ya kunisimulia yote. Niambie tu sindano umeigeuza nini.

Wako, Somo